Mtoto Hajui Herufi, Atapimwaje Macho?

Ujumbe wa wiki hizi mbili umetoka kwa wazazi watupu, na karibu wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: nimpeleke kwa nani? Nimechagua saba. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtaalamu wa optometria. Napima macho na kutoa miwani, sifanyi upasuaji. Kwa hiyo mahali fulani mtanisikia nikisema: nipiteni, nendeni mbele.

Mwanangu ana miaka minne, yuko chekechea. Akitazama TV anainamisha kichwa upande mmoja. Duka la miwani wamesema hapimiki mpaka ajue kusoma herufi. Nisubiri? (Mama, Tabata)

Usisubiri, dada. Aliyekwambia hivyo amekueleza uwezo wake yeye, wala si wa mtoto. Kuna ubao wa herufi E iliyogeuzwa pande nne. Mtoto anaonyesha kwa vidole vyake miguu ya E inaelekea wapi. Kuna ubao wa picha pia: nyumba, tufaha, mraba na duara. Lile tufaha watoto wengi huliita moyo, na wala hatuwasahihishi, ilimradi liwe moyo kila mara. Hata kichanga anapimika. Tunammulika kwa kifaa kiitwacho retinoskopu, tunatazama mwanga unavyosogea ndani ya mboni, kisha tunabadilisha lenzi mbele ya jicho mpaka mwanga utulie. Namba yake ya miwani inapatikana bila yeye kusema neno.

Hapa niseme kidogo kuhusu mabango ya "tunapima macho kwa kompyuta". Mashine ile si mbaya, ila kwa mtoto peke yake inadanganyika kirahisi. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu sana. Akichungulia kile kipicha kilichomo ndani, misuli inakaza, na mashine inadhani haoni mbali. Nimewahi kuletewa mtoto wa darasa la pili aliyevalishwa miwani ya maina, yaani ya asiyeona mbali. Nilipomwekea matone na misuli ikalegea, akatoka plasi, yaani kinyume chake: shida ya kuona karibu. Alikuwa ameivaa miwani ile mwaka mzima, akifokewa kila anapoivua.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza mapokezi ni hili: "Mtoto mtamwekea matone ya kupanua mboni?" Wakikujibu kwamba hayana haja kwa sababu wana kompyuta, shukuru, chukua daladala. Matone yanataka subira ya nusu saa au zaidi, na macho meusi kama ya kwetu hayalegei haraka. Beba kofia, maana jua litamuumiza wakati wa kutoka. Kesho yake anaweza kushindwa kuona vizuri vya karibu, basi mwalimu ajue.

Hiyo ya kuinamisha kichwa irekodi kwa simu. Mbele ya daktari watoto hukaa wima kama askari, na dalili inabaki nyumbani.

Daktari bingwa wa macho, optometria, fundi wa miwani: mbona wote wanaitwa "daktari wa macho"? Nianze na nani? (Baba, Singida)

Fundi anakata lenzi na kuiweka kwenye fremu. Mtaalamu wa optometria anapima uwezo wa kuona, anaandika miwani, na anapaswa kutambua ugonjwa na kutoa rufaa. Daktari bingwa wa macho amesoma udaktari kwanza, akabobea kwenye macho. Anatibu na kupasua. Wachache miongoni mwao wameongeza masomo ya macho ya watoto. Hao ni wa kutafutwa kwa tochi, na wengi wapo kwenye hospitali kubwa.

Wewe anza na kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Huenda ukapokewa na daktari msaidizi aliyesomea macho, au muuguzi wa macho. Usimdharau, kaka. Watu hawa wameona macho mengi kuliko vijana wa mjini wenye ofisi za vioo. Tatizo likiwazidi, waombe rufaa ya maandishi, maana ukifika KCMC Moshi au Muhimbili bila karatasi unaanza foleni upya. Ukiwa na shaka na mtu aliyejitangaza bingwa, Baraza la Madaktari Tanganyika lina rejista ya waliosajiliwa.

Mjukuu wangu ana miezi mitano. Usiku jicho moja linang'aa weupe kama la paka, hata kwenye picha za simu. Halii, halimuumi. Wanasema litajirekebisha. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Usikubali neno "litajirekebisha", na usinisubiri mimi wala mwenzangu yeyote wa miwani. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na kwa huyo kila wiki ina thamani: ubongo wa kichanga unajifunza kuona sasa, na jicho lililozibwa hausubirii. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ile inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikikamatwa ikiwa bado ndani ya jicho, mtoto hupona kwa kiasi kikubwa, ingawa pengine jicho hutolewa. Ikichelewa, hutoka nje ya jicho na kushambulia mwili. Kutouma si dalili njema hata kidogo.

Mama yake ampeleke wiki hii penye bingwa wa macho ya watoto: CCBRT au Muhimbili, Dar es Salaam, ama KCMC. Abebe ile picha ya simu. Mapokezi aseme maneno haya hasa, "mboni ina weupe", asiseme tu "ana shida ya jicho".

Mtoto wangu njiti alizaliwa wiki ya 30 akiwa na kilo 1.3. Sasa ana wiki tano, anaonekana mzima. Macho yapimwe lini? (Mama, Arusha)

Leo au kesho. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa njiti huwa haijakomaa, na inaweza kuota vibaya kimyakimya. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32, au chini ya kilo 1.5, hutazamwa karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kisha hurudiwa. Rudi wodi uliyotoka na uwaulize nani anatazama retina za njiti. Si kila bingwa wa macho hufanya kazi hiyo.

Binti yetu wa miaka mitatu ana makengeza. Daktari mmoja anasema apasuliwe, mwingine anasema miwani na kuziba jicho. Mama mkwe anasema yataisha akikua. Tumfuate nani? (Baba, Mbagala)

Mama mkwe mheshimu, ila kwa hili msimfuate. Ni kweli kichanga wa wiki chache macho yake hutangatanga. Baada ya miezi minne hayo si ya kungoja, sembuse miaka mitatu.

Kati ya madaktari wawili, mimi ningeuliza kila mmoja amepima namba ya mtoto kwa matone au la. Kuna makengeza yanayotokana na plasi kubwa: mtoto anakaza macho ili aone, na katika kukaza jicho moja linaingia ndani. Huyo ukimvisha miwani sahihi macho yananyooka yenyewe, na kisu hakihitajiki. Yapo mengine ambayo miwani haiyagusi. Hayo upasuaji ndiyo dawa. Na lipo jicho vivu, ambalo ubongo umeacha kulisikiliza. Hili hufanyiwa mazoezi kwa kuziba lile zuri saa kadhaa kwa siku. Kupasua hunyoosha jicho, hakulifundishi kuona. Kwa hiyo yawezekana madaktari wako wote wawili wako sahihi, kila mmoja na hatua yake, isipokuwa hakuna aliyekaa chini kukueleza mpangilio.

Mimi namwamini zaidi anayeanza na matone na miwani, halafu anakupa tarehe ya kurudi. Uvivu wa jicho hutibika vizuri kabla ya miaka saba au minane, na kila ukichelewa kazi inakuwa ngumu. Na kuomba maoni ya daktari wa tatu si kumtukana mtu.

Macho ya kijana wangu wa miaka saba yanawasha mno, yamekuwa rangi ya udongo pembeni. Duka la dawa wananipa matone, anapona siku chache, yanarudi. Mwaka wa pili sasa. (Mama, Mombasa)

Hiyo inaelekea kuwa aleji, na sina wasiwasi nayo sana. Wasiwasi wangu uko kwenye chupa. Isome: ikiwa imeandikwa dexamethasone au betamethasone, hiyo ni steroidi. Inatuliza haraka ajabu, lakini ikitumika miezi bila kuangaliwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kijana asiseme chochote mpaka mwanga unafifia. Mpeleke kwa daktari wa macho apimwe presha ya jicho, ukiwa na chupa zote mkononi, hata tupu. Usinunue nyingine kabla hajaonwa.

Wangu ana miaka mitano, akiona koti jeupe anapiga kelele mtaa mzima. Kliniki mbili zimemshindwa. (Mama, Dodoma)

Nenda asubuhi, ameshiba na amelala vizuri. Usimwahidi kwamba hakuna kitakachouma. Matone yanachoma kidogo, na ukimdanganya mara moja hatakuamini tena. Mwambie yatachoma mpaka ahesabu kumi. Mwanasesere wake apimwe kwanza. Kwa wenye vichanga ni kinyume: njooni na mtoto mwenye njaa kidogo, anyonye wakati tunammulika.

Piga simu kabla, uulize kama anayepima huvaa koti. Mimi langu limening'inia mlangoni tangu mwaka juzi.