Rafiki yangu kafiwa na mtoto, nami namkwepa njiani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tandahimba. Mwezi Machi shoga yangu alifiwa na mwanawe wa miaka 9, malaria ilimpanda kichwani. Yeye na mwanangu walikuwa darasa moja, hawaachani. Siku ya maziko nilikwenda, nikalia na wenzangu, nikarudi. Tangu hapo sijakanyaga kwake. Nikimwona gengeni nakata njia nyingine, maana sijui nimwambie nini, na nahisi akimwona mwanangu namtonesha kidonda. Sasa Desemba shule zikifungwa mwanangu anaingia jando. Tulikuwa tumepanga waingie wote wawili. Nifanye shughuli kimyakimya? Au nimtumie shilingi 20,000 za pole kwenye simu?*

Marahaba, mwanangu.

Jando la kimyakimya sijawahi kulisikia. Ngoma zitalia, na kabla ya ngoma kuna kuazima masufuria, kwa hiyo shoga yako atajua tu. Kilichobaki ni atajua kutoka kwa nani. Basi ajue kutoka kwako, na mapema.

Unaogopa kumtonesha. Kwani unadhani kasahau, ndiyo uje wewe umkumbushe? Mtoto yule anaamka naye, analala naye. Kinachomuumiza ni kuona watu wote wanafanya kama vile hakuzaliwa. Tangu arobaini ipite, sidhani kama kuna aliyelitaja jina la mwanawe mbele yake.

Wazee wetu wa kusini hawakuwa hivyo. Msibani mtani alikuwa anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Shida ni kwamba mtani akishachukua chake akaenda zake, hakuna anayeendelea kumtaja marehemu. Majirani wanasema siku tatu zimekwisha, ashukuru Mungu. Hivi hizo siku tatu ziliwekewa moyo? Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, na miaka baada ya Bi Khadija kufariki alikuwa bado akichinja, anawapelekea nyama marafiki wa mkewe.

Nenda shambani kwake. Msimu wa korosho huu, yuko chini ya mikorosho tangu asubuhi. Chukua ndoo yako uokote naye. Kazi ile inawafaa watu walioachana muda mrefu: mmeinama, kila mtu macho chini, anatenganisha korosho na bibo, na mkinyamaza nusu saa hakuna atakayesema mmenuniana. Mwambie umechelewa kuja kwa sababu hukujua la kusema. Hayo yanatosha. Usimwambie Mungu kampenda zaidi, wala kwamba bado ana umri atazaa mwingine. Maneno hayo humtuliza anayeyasema. Kisha mtaje mtoto. Mpe kisa kimoja unachokijua wewe na yeye hakijui, hata kama ni siku walipokula mabibo nyuma ya nyumba yako wakaharibu mashati ya shule, na madoa ya bibo unayajua, hayatoki.

Atalia. Usimnyamazishe, na wewe machozi yakija yaache. Huenda akakuuliza ulikuwa wapi miezi yote hii, tena kwa ukali. Ana haki. Pokea maneno yake, urudi kesho kutwa.

Habari ya jando isiwe ya siku ya kwanza. Ukishakwenda mara mbili tatu, mwambie, umuulize anapenda iweje: aje kwenye shughuli, alete zawadi yake tu, au aende kwa ndugu zake Newala mpaka ngoma ziishe. Atakachochagua ndicho hicho, na mama mkwe asimlazimishe. Mwanao naye usimfiche. Kafiwa na rafiki yake wa damu, na kwa barua yako sioni kama kuna mtu mzima aliyempa pole. Siku ukienda naye, mtangulizie mama wa watu habari, asishtukizwe.

Mumeo je? Amfuate baba wa mtoto pale kwenye bao. Wanaume wetu hupewa pole siku moja, ya pili yake wanaulizwa korosho mnadani zimefika shilingi ngapi.

Ukimkuta shoga yako hali chakula, usingizi haumjii, au anatamka kwamba anataka kumfuata mwanawe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukae naye.

Na hiyo 20,000 iache kwanza. Ikifika kwenye simu yake kabla yako, ataona umelipa ili usije.