Jiwe linatoa povu: je, Songwe iliwahi kuwa bahari?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nachoma chokaa huku Songwe, na mawe nanunua kwa wachimbaji watatu. Jiwe la kwanza ni la rangi ya krimu, lina mistari na vitundu vingi, na nimewahi kukuta alama za majani ndani yake. La pili linaletwa kutoka upande wa Panda Hill, ni la kijivu cheupe na lina vipande vya kahawia vinavyometa. La tatu ni jeupe kabisa, chembe zake kubwa, linatoka milimani. Yote nikidondoshea asidi ya betri yanatoa povu. Mwalimu wetu mmoja anasema chokaa yote ni masalia ya bahari, na kwamba tabaka la chini siku zote ndilo la kale. Je, haya ni mwamba mmoja? Mbeya ilikuwa bahari? Na mimi nichome lipi?
— Mchoma chokaa, Songwe

JIBU: Ndugu yangu, hayo si mwamba mmoja. Kwa maelezo yako, mkononi una mawe matatu yasiyo na undugu. La kwanza limejengwa na maji ya chemchemi, la pili limetoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, na la tatu ni chokaa ya kale mno iliyopikwa chini ya ardhi hadi ikawa marumaru. Mwalimu wenu hajakosea kwa kuhusisha chokaa na bahari, maana sehemu kubwa ya chokaa duniani kweli imetuama baharini. Ila Songwe ni mahali pabaya pa kutumia kanuni hiyo kwa macho yaliyofumbwa.

Kwanza hilo povu. Acha asidi ya betri. Mbali na kukuunguza, ile ni asidi ya salfa, na ikigusa chokaa hutengeneza ngozi ya jasi juu ya jiwe. Povu linaanza kwa kishindo, halafu linakatika hata kama jiwe ni safi, nawe unadhani umeuziwa jiwe bovu. Wanajiolojia hutumia asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10 hivi, tone moja tu. Huna? Kwangua jiwe kwa kisu upate unga, ukamulie limau. Ukiona vipovu, kuna kabonati, yaani madini ya jamii ya chokaa. Na ukiona jiwe zima halichemki lakini unga wake unachemka taratibu, shuku dolomaiti, yaani kabonati yenye magnesiamu pamoja na kalisi.

Hapo ndipo kazi ya asidi inapoishia. Povu ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye madini ya kabonati, basi. Halikwambii kabonati hiyo ililala wapi kwa mara ya kwanza. Hilo linasomwa kwenye umbile la jiwe, kwenye matabaka yake, na kwenye majirani zake pale lilipo.

Jiwe lako la kwanza ni travatini. Wachimbaji wengi huliita chokaa tu, na ndilo linalolisha kiwanda cha saruji cha Songwe. Lilivyotengenezwa unaweza kujionea kwa macho, kwa sababu kazi bado inaendelea: nenda kwenye chemchemi za maji moto kando ya Mto Songwe. (Nasema ule Songwe unaoshuka kwenda Ziwa Rukwa, si ule wa mpaka wa Malawi unaoingia Ziwa Nyasa. Mito miwili jina moja, na ramani za watu zimeshachanganya sana.) Mvua inazama ardhini kupitia nyufa za Bonde la Ufa, inapata joto na gesi ya kaboni dioksidi itokayo chini, na maji hayo yenye gesi yanayeyusha kalisi kwenye miamba yanakopita. Yakitoka juu, mgandamizo unapungua, gesi inaruka hewani, na kalisi haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Inaganda, kama ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika. Ikiganda juu ya nyasi, matete na majani yaliyoanguka, mmea unaoza na kuacha nafasi yake. Hivyo ndivyo vitundu vyako, na ndizo alama za majani. Jani la mti wa nchi kavu lililobaki zima na mishipa yake ni ushahidi wa maji ya kina kifupi juu ya ardhi. Bahari haihitajiki.

Sasa tuje kwenye tabaka la chini kuwa la kale, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Kanuni hiyo aliiandika Nicolaus Steno mwaka 1669 na bado ni msingi wa fani yetu: mashapo yakitua moja juu ya jingine, na kisha yasipinduliwe, la chini limetangulia. Inafanya kazi vizuri kwenye mashapo yaliyotua bapa, kama tope la ziwani. Travatini haitui hivyo. Inapaka chochote inachokikuta. Ikimwagika kwenye mteremko, tabaka linalala kwa mteremko tangu siku ya kwanza, kwa hiyo usiseme ardhi ilipinda. Ikijaza ufa, inaganda kwenye kuta zote mbili na kukua kuelekea katikati. Mistari inasimama wima, na mdogo kuliko yote uko katikati, hauko juu. Ukiona kwenye machimbo ukanda uliosimama hivyo, mara nyingi ukiwa mgumu na wenye kung'aa, umekutana na njia ambayo maji ya chemchemi yalipandia.

Liko na jambo la pili. Mto unachimba bonde lake kadiri muda unavyokwenda, na chemchemi nazo hushuka kuufuata mto. Travatini iliyoganda zamani inabaki imening'inia juu ukingoni, na mpya inaganda chini karibu na maji ya leo. Kwa hiyo kwenye bonde la namna hii unaweza kukuta jiwe la mita nyingi juu yako ndilo la kale, na lile unalokanyaga ndilo changa. Kanuni ya Steno haijavunjika, kwa sababu ndani ya kila ngazi bado la chini limetangulia. Kosa ni kulinganisha ngazi mbili tofauti kana kwamba ni rundo moja. Mimi nikiingia machimbo ya travatini, kabla ya kupiga nyundo natafuta kwanza ngazi ziko ngapi na maji yalitokea upande gani.

Yale mapango ya popo ya Songwe nayo yamo ndani ya travatini hiyohiyo. Jiwe lililojengwa na maji likaja kutobolewa na maji. Kijiolojia, mwamba wote huo ni wa jana.

Jiwe la pili ni habari nyingine kabisa. Panda Hill ni kabonataiti, yaani mwamba wa moto ambao magma yake yenyewe ilikuwa ya kabonati. Ulipenya kwenye miamba migumu ya kale zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, zama za Kretasia. Ukitaka kujua kwamba magma ya namna hiyo si hadithi, Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa nchi yetu, unatapika lava ya kabonati hadi nyakati zetu, ingawa ile ni ya sodiamu zaidi. Vipande vya kahawia vinavyometa kwenye jiwe lako ni maika. Saga kidogo, pitisha sumaku kwenye unga, na ukiona vumbi jeusi linang'ang'ania, hiyo ni magnetaiti. Humo humo kuna apataiti, ambayo ni fosfeti, na pirokloru, madini yenye metali ya niobiamu ambayo ndiyo yaliyoipa Panda Hill jina duniani. Mwamba huu nao unaweza kuwa na mistari, tena mizuri, inayomdanganya mtu adhani ni matabaka. Hayo si matabaka ya kutua. Ni alama za magma na madini yake yakitiririka na kupangika, mara nyingi yakiwa yamesimama wima. Swali la "chini au juu" halina maana hapo.

La tatu, marumaru, ndilo peke yake ninaloweza kumpa mwalimu wenu. Miamba ya Ubendi inayopita Mbeya kuelekea Rukwa ina umri wa karibu miaka bilioni 2, na ndani yake mna vipande vya marumaru. Chokaa ya asili yake inawezekana sana ilitua baharini. Kwenye miamba hiyohiyo ya Ubendi kumepatikana eklojaiti, mwamba unaozaliwa pale ambapo sakafu ya bahari inapozamishwa chini sana ya bara, na umri wake ni karibu miaka bilioni 1.9. Kwa hiyo bahari ilikuwepo, ila ni ya dunia ambayo haikuwa na samaki wala konokono. Bahati mbaya joto na mgandamizo vilifuta kumbukumbu: chembe za kalisaiti, yaani madini yanayojenga chokaa, zilikua upya, matabaka yakapindwa na kukandwa, na kama kulikuwa na mazulia ya bakteria, kwa kawaida umbile lake halionekani tena. Ndiyo maana jiwe lenye haki zaidi ya kuitwa la bahari ndilo lisilo na dalili yoyote ya bahari ukilitazama kwa macho.

Baada ya hapo, mashapo ya eneo letu yanazungumza nchi kavu. Makaa ya mawe ya Kiwira yalitokana na mimea ya mabwawa ya zama za Karoo. Mchanga mwekundu wa bonde la Rukwa uliletwa na mito, na ndimo ulimochimbuliwa mnyama mkubwa wa jamii ya dinosaria aliyetangazwa mwaka 2014 kwa jina Rukwatitan, na mwingine mwaka 2017 aliyepewa jina la Songwe: Shingopana songwensis. Juu yake kuna mashapo ya ziwa. Ukiokota kombe la konokono kwenye tope jeupe upande wa Rukwa, usikimbilie kusema bahari. Ziwa hilo liliwahi kujaa kiasi cha kumwagikia Ziwa Tanganyika, na lilikuwa na konokono wake wa maji baridi.

Chokaa ya bahari unaitambua kwa wakazi wake: matumbawe na viumbe vingine visivyoweza kuishi kwenye maji baridi. Nenda Tanga, kwenye mapango ya Amboni, ile ni chokaa ya bahari ya zama za Jurasi. Lakini jihadhari na vipunje vya mviringo vinavyoitwa uoidi. Vitabu vingi vya shule vinavitaja na bahari ya joto, na ni kweli, ila vinapatikana pia mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na stromatolaiti, yaani mawe ya matabaka yaliyojengwa na mazulia ya bakteria. Dalili moja haitoshi. Nikibaki na shaka, sampuli inapelekwa maabara kupimwa isotopu za kaboni, yaani uwiano wa kaboni nzito na nyepesi: kwenye kipimo hicho chokaa ya bahari kwa kawaida huwa karibu na sifuri, kabonataiti huangukia kati ya hasi 4 na hasi 8. Travatini yenyewe hutawanyika sana, kwa hiyo kwake natazama umbile kwanza.

Sasa tanuri lako. Choma travatini. Kwa kawaida ni safi, na vitundu vyake vinaipa gesi njia ya kutoka, kwa hiyo kipande kinaiva hadi ndani. Epuka tu yale mawe yaliyoshika udongo mwekundu. Marumaru nayo hutoa chokaa nyeupe, ila yenye chembe kubwa hupasuka na kuwa unga ndani ya moto, ikaziba njia ya hewa. Jaribu tanuri dogo kabla ya kununua lori zima. Jiwe la Panda Hill liache. Fosfeti na chuma vinaharibu chokaa, pirokloru huweza kubeba thoriamu na urani kidogo, na kisheria mwamba wenye madini ya aina hiyo si wa kununua barabarani bila kuuliza leseni ya anayekuuzia.

Ukitaka nikuthibitishie lile la kwanza, nitumie picha mbili: moja ya ukuta mzima wa machimbo mkiwa mmesimamisha nyundo kwa kipimo, nyingine ya karibu kwenye mistari, na juu yake mchore mshale kwa chaki kuonyesha upande wa juu. Wachimbaji huleta jiwe limeshavunjwa, na jiwe lililovunjwa haliniambii lilikuwa limelala vipi.