Mfumo wa duka una wateja 43, tutoze vipi ili biashara ikue?

SWALI: Habari ya kazi kaka. Nipo Mwanza, mi na mwenzangu tumetengeneza mfumo wa kusimamia maduka, unarekodi mauzo, stoku na madeni ya wateja kwenye simu. Tuna miezi 14 sokoni na maduka 43, kila duka linalipa laki mbili mara moja tu, tunaenda kufunga wenyewe na kufundisha. Shida ni kwamba simu haziishi, mwenye duka anapiga hadi saa nne usiku, na hela yake tulishaila zamani. Kwenye shindano moja la startapu jaji katuambia modeli yetu haiskeli. Tunawaza ada ya kila mwezi, au asilimia ya mauzo, au tutoe bure tuweke matangazo, au tuanze kuwaletea bidhaa za jumla manake tunaona nani kaishiwa nini. Ipi itatufaa?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongereni, maduka 43 ya kuyafuata kwa miguu sio kazi ndogo.

Jaji kawaambia ukweli ila kawaachia neno tu. Kuskeli maana yake mteja wa mia tano asikugharimu sawa na alivyokugharimu mteja wa tano, basi, wala haihusiani na kuwa na wateja wengi. Mgahawa unaweza kuwa na wateja wengi na kila akiongezeka mtu inaongezeka sahani na muhudumu. Sasa nyie hesabu yenu iko hivi, 43 mara laki mbili ni milioni 8 na laki sita, gawa kwa miezi 14 unapata kama laki sita na elfu kumi na nne kwa mwezi, watu wawili, hapo bado nauli, bando na seva. Na mbaya zaidi mkiacha kutafuta maduka mapya mwezi mmoja tu hamli, wakati wale wa zamani bado wanapiga simu. Kila duka mnaloongeza linaongeza kazi ya miaka kwa malipo ya siku moja.

Hili nalijua kwa kuumia. Miaka ya nyuma tuliuza mfumo wa shule kwa mtindo huo huo, malipo mara moja, na kila mkuu wa shule akitaka ripoti ya matokeo ikae anavyotaka yeye tunambadilishia. Tulipofika shule 17 tulikuwa na mifumo 17 tofauti, ukirekebisha kosa hapa unalirekebisha mara 17, vijana wetu wanne walichoka wakaondoka mmoja mmoja na shule zikabaki zinatulaumu, kwa haki kabisa. Kwa hiyo nikikusisitizia jambo moja hapa chini ujue limenitoka moyoni.

Nianze na zile nyepesi. Matangazo yasahau, kwa watumiaji mia au hata elfu tano hakuna hela hapo, yanataka watu mamilioni, na mwenye duka anayehangaika na foleni ya wateja hataki tangazo limkatize. Asilimia ya mauzo inaonekana tamu kwenye makaratasi, duka la laki tatu kwa siku ukichukua asilimia moja ni elfu tatu kila siku, lakini fikiria mwenye duka atafanya nini, ataandika nusu ya mauzo kwenye daftari ili asikulipe, alafu tayari wengi wana wasiwasi kwamba kinachoingia kwenye mfumo kitafika TRA. Sasa mfumo ambao thamani yake yote ni kumbukumbu sahihi unampa mteja sababu ya kudanganya kumbukumbu, umejiua mwenyewe.

Kuleta bidhaa za jumla ndo ningeomba mfikirie sana kabla ya kushika. Ni kweli mnaona nani kaishiwa sabuni, ila kuona na kupeleka ni biashara mbili. Ukianza kupeleka unahitaji godauni, kanta, dereva, mtaji wa stoku, na ukienda Shinyanga unaanza vyote upya, yaani programu yenu inabaki kaeneo kadogo ndani ya kampuni ya usafirishaji. Angalia majirani Kenya, Twiga, kampuni ya kupelekea wauzaji wadogo bidhaa, ilianza 2014 na ndizi ikakua mpaka maghala na magari, na 2023 ikapunguza wafanyakazi wengi, Sendy waliokuwa kwenye usafirishaji walifunga mwaka huo huo, na hawa ni watu waliokuwa na wawekezaji wakubwa nyuma yao. Sisemi haiwezekani, nasema watu wawili Mwanza hamna hela ya kujifunzia hiyo.

Inabaki ada, na mi naona ndo yenu, lakini isiwe ya mwezi. Mwenye duka hela yake inaingia kila siku na inatoka kila siku, tarehe mosi ukimwambia elfu 12 anakuona mdai, ila elfu tatu kila Jumatatu kwa simu ni kama bei ya soda chache. M-Kopa walipoanza kuuza sola Kenya 2012 walielewa hilo, mteja analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa na asipolipa taa hazifanyi kazi mpaka alipe. Nanyi fanyeni hivyo, ila msimfungie kumbukumbu zake, za zamani azione muda wote, akichelewa asiweze kuingiza mauzo mapya tu. Ukimshikia madeni ya wateja wake utaharibu jina mtaa mzima.

Sasa kwenye lile jambo nililosema litanitoka moyoni, nalo ni kazi ambayo kila duka linawaletea. Chukua elfu 12 kwa mwezi kwa duka. Ukiajiri kijana wa kuhudumia wateja kwa 450,000 na akaweza maduka 60 tu, wanaleta 720,000, inabaki 270,000 ya seva, sms na nyie wawili, hamfiki popote hata mkifika maduka elfu moja. Kijana huyo huyo akiweza maduka 300 wanaleta milioni 3 na laki sita, inabaki milioni 3 na elfu 150. Bei ni ile ile, mshahara ule ule. Kwa hiyo kabla hamjabishana bei kaeni chini wiki mbili muandike kila simu inayoingia inahusu nini, na nabashiri nyingi zitakuwa vitu viwili vitatu, mtu kasahau namba ya siri, kaingiza bei vibaya hajui kurudisha, mtandao ulikata hajui kama mauzo yamehifadhiwa. Kila kimoja hapo ni kazi ya kuprogramu sio ya kupokea simu.

Alafu kufunga. Kinachokula siku nzima ni kuingiza bidhaa, duka la kawaida lina vitu mia sita na zaidi. Lakini sabuni ya duka la Kirumba ndo sabuni ya duka la Nyakato, kwa hiyo orodha mliyoingiza kwenye maduka 43 ifanyeni ya wote, majina, picha na namba za chini ya ile milia myeusi kwenye pakiti (barcode), duka jipya linachagua na kuweka bei yake tu. Hapo kila duka linaloingia linamrahisishia linalofuata.

Na msiende kufunga wenyewe. Safaricom ilipoanza M-Pesa Machi 2007 haikujenga matawi, ilitumia wenye maduka waliokuwepo tayari ikawalipa kamisheni. Nyie mna mafundi simu na mawakala kila kona, mpe elfu mbili kila mwezi kwa kila duka alilosajili maadamu duka hilo linaendelea kulipa. Usimpe hela ya mara moja, atakusajilia maduka hewa.

Namba ya kuangalia kila mwisho wa mwezi ni wangapi wameacha. Wakiacha 10 kati ya 100 kila mwezi, duka linakaa wastani wa miezi 10 na kukuletea 120,000, wakiacha watatu linakaa kama miezi 33, karibu laki nne. Kama kumpata mmoja kunakugharimu elfu 80 utaona mwenyewe tofauti ya kuishi na kufa.

Mikopo kwa wenye maduka itakuja baadaye, takwimu mnazo. Ila kukopesha wenyewe kunataka leseni chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, shirikianeni na mwenye leseni tayari, na mwenye duka akubali kwa maandishi taarifa zake zipelekwe, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022.

Hao 43 msiwabadilishie ghafla, walilipa kwa makubaliano. Waambieni mfumo walionao utabaki wao, ila huduma ya simu na maboresho mapya kuanzia miezi mitatu ijayo ni elfu tatu kwa wiki. Wakikubali 30 mmepata bei sahihi, wakikubali 10 wapigie wale 33 mmoja mmoja uwaulize kwa nini, kabla hujasajili duka la 44.