Nilisema "mkabe", akamkaba shingo

Swali lenu la wiki hii, "Ni kazi gani uliyoianza bure na ukashindwa kuiacha?", limenikuta nimekaa juu ya tairi pembeni ya kiwanja, nangoja mvua ipite. Basi nijibu.

Mimi ni wa Busia, upande wa Uganda. Januari 2023 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko kwenye ile likizo ndefu tunayoiita vakesheni: matokeo bado, chuo mpaka Agosti, mfukoni hamna kitu. Jirani yetu mmoja, mzee fundi seremala, alikuwa akifundisha watoto mpira jioni kwenye kiwanja kilichoko nyuma ya maegesho ya malori. Akaniomba nimsaidie kubeba mipira. Nasema mipira kwa heshima tu. Ilikuwa miwili, na mmoja ulishashonwa mara nne. Malipo yangu yalikuwa chapati na chai.

Watoto walikuwa 23. Wale wakubwa, shule zilipofungwa Machi 2020, walijifunza kuvusha sukari na mafuta ya kupikia kwa njia za panya, na zilipofunguliwa Januari 2022 hawakurudi darasani. Mzee hakuwahi kuwahubiria. Alisema tu, "Ikifika saa kumi na moja, angalau najua walipo."

Mimi mwenyewe sikuwa mchezaji wa maana. Mwaka 2017, Korongo, timu yetu ya taifa, waliporudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Gabon baada ya miaka 39, nilikuwa na miaka 13. Farouk Miya alipowafunga Mali nilitoka kwenye kibanda cha video mbio, shati mkononi, nikazunguka soko zima. Mali wakasawazisha dakika chache baadaye, ila hilo nililisikia kwa watu. Toka siku hiyo nikaamini kwamba Miya wa Busia ni mimi. Aliyenifahamu zaidi ni benchi la timu ya shule.

Mwezi wa pili mzee akapata msiba Tororo. Akaniachia filimbi, akakaa huko wiki tatu. Nikafanya kile nilichodhani makocha hufanya: nikapiga kelele. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyaokota kwa watangazaji wa mpira redioni. Siku ya tatu wamegawana timu mbili, mshambuliaji anakuja na mpira, nami namwona kijana wangu wa kiungo, tulimwita Namba Sita, amesimama tu anatazama. Nikamfokea, "Mkabe! Mkabe!", yaani kwa lugha ya mpira, ambane kwa karibu asipite.

Akamkaba. Alimwendea kwa nyuma, akapitisha mkono chini ya kidevu, akambana mwenzake koo mpaka wote wawili wakakaa chini. Kisha akanigeuzia uso, mkono bado uko pale pale, kama anayeuliza: huyu nimeshampata, sasa nimfanye nini?

Hakuwa na kosa. Nyumbani kwao wanaongea Kiteso, wengine Kisamia, wengine Dhopadhola, na wapo wanaovuka kutoka upande wa Kenya. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, lakini ni Kiswahili cha sokoni, na sokoni kukaba ni kazi ya wezi wa usiku.

Mama wa yule aliyekabwa huuza mukene, dagaa wetu, hatua chache kutoka pale. Alikuja na kanga yake kiunoni, akamshika mwanawe mkono, akaniuliza, "Wewe kocha, hapa ni kiwanjani au kambini?" Msomaji wa Dar au Mombasa huenda asilielewe hilo swali. Kwetu, watu wa rika la wazazi wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, na hawakukisikia kwa upole. Amri za Kiswahili zikipigwa kwa sauti zinawarudisha mbali. Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Mtoto hakuonekana kiwanjani wiki mbili. (Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniita kocha kabla yake.)

Usiku huo nikaketi kutafuta neno. "Msogelee" halikutosha. "Mzuie" lingemfanya Namba Sita amvute jezi. Jibu nilikuja kulipata stendi. Neno lenyewe bodaboda, mnajua, lilizaliwa hapa mpakani, kwenye baiskeli zilizokuwa zikibeba watu boda hadi boda. Sasa ni pikipiki, na waendeshaji wanagombea abiria. Nikamtazama mmoja. Hakumgusa mwenzake. Alijiweka tu kati yake na abiria, magoti yamekunjika kidogo, kila mwenzake akihama naye anahama. Kesho yake nikawaambia watoto, "Goli ndilo abiria wako. Usikubali achukuliwe." Hawakuuliza swali. Namba Sita akawa anateleza ubavuni kwa watu kama aliyezaliwa stendi.

Baadaye nilijichangisha nikaenda kozi ya leseni ya D ya ukocha, ile ya chini kabisa. Nisiichoshe safu yenu na kozi. Kimoja tu kilinichoma: mkufunzi alitutuma kila mtu achague mtoto mmoja mazoezini na ahesabu anagusa mpira mara ngapi. Niliporudi nikamhesabu mdogo kuliko wote, mimi niliyezoea kuwapanga foleni wapige mashuti golini. Dakika kumi, mara tatu. Muda uliobaki alikuwa akichora ardhini kwa kidole cha mguu. Foleni nikaifuta, nikawagawa wanne kwa wanne, magoli ya ndala, na ndala zenyewe zikawa zinaibwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa nasoma Mbale na wikendi narudi, nauli inanila. Mama wa mukene anamleta mwanawe mwenyewe. Bado halipwi mtu.

Agosti 2025, michuano ya CHAN, ile ya timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za nyumbani tu, ilipochezwa hapa kwetu, Kenya na Tanzania, tulijazana kibandani kuwatazama Korongo na Afrika Kusini, ile ya 3-3 pale uwanja wa Namboole. Tulipofungwa bao mojawapo, sikumbuki la ngapi, Namba Sita, wakati huo ana miaka 13 na sauti imeanza kukwaruza, aliinuka akasimama mbele ya televisheni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Kocha, huyu hapa, wewe ungemwambia neno gani?"

Mwenye kibanda akamfokea akae chini, watu wanalipa. Hakukaa mpaka nilipomjibu.