Muulize Bi Picha: Kamera ya leo, sura ya mwaka 47

SWALI: Shikamoo Bi Picha. Mimi ni kijana wa miaka 27, napiga picha za harusi na sendofu hapa Morogoro. Natumia Nikon D750 ya mtumba. Mwezi ujao ni zamu yangu kupokea mchezo, na nimepania kununua Nikon Zf, ile isiyo na kioo ndani, yenye vigurudumu juu kama kamera za zamani. Mwenzangu tunayefanya naye kazi ananicheka, anasema nanunua mkufu wa kuvaa shingoni. Marehemu baba mdogo aliniachia lenzi mbili za Nikon za kufokasi kwa mkono, 50mm na 105mm f/2.5. Je, zitakubali kwenye Zf? Na huyu mwenzangu ana haki ya kunicheka? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako ana haki ya nusu kicheko, nami nitakuonyesha ni nusu ipi.

Idi iliyopita mpwa wangu alikuja Tanga na Zf shingoni. Kabla hajanywa hata maji nikamwambia, hebu nipe. Nikaiinua jichoni, nikabonyeza, na kidole gumba changu cha kulia kikaenda chenyewe kutafuta mkono wa kuvutia filamu. Haupo. Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilijifunzia kazi kwenye Nikon FM2, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 1982, katika studio ya mjomba wangu Ngamiani. Hii Zf, iliyotoka Septemba 2023, imechongwa kwa kuifuatisha ileile: mabega yaleyale, maandishi ya jina yaleyale, vigurudumu vya shaba ya njano vyenye namba zilizochimbwa na kutiwa rangi. Ukizungusha cha shata, yaani cha kasi ya kupiga, kutoka 125 kwenda 250 kinalia ta, na kidole kinausikia mlio kabla ya sikio.

Raha yake kwangu haiko kwenye sura. Zamani nikiwa nimekaa mkekani nangoja bibi harusi atolewe ndani, nilikuwa naangalia juu ya kamera tu: kasi 60, sawa, tundu la lenzi la kupitishia mwanga 5.6, sawa; flashi iko tayari. Kamera imelala mapajani, haijawashwa chochote, na mimi najua kila kitu kimekaa wapi. Kamera za kisasa ukizizima huwa kama simu iliyoisha chaji, hazikwambii neno. Zf imeirudisha ile hali ya kusoma kamera kwa kuitupia jicho, na hilo kwa mpiga picha si pambo.

Sasa nusu ya mwenzako. Chini ya gurudumu la ISO, lile la wepesi wa kamera kunasa mwanga, kuna kiswichi chenye Auto, P, S, A na M, njia tano za kugawana kazi na kamera. Ukikiweka kwenye A, kamera inajichagulia kasi yenyewe, na gurudumu lako zuri la shata linabaki kama kifungo cha koti kisichofunga kitu. Unaweza kulizungusha hadi kesho asubuhi. Watu wengi wanaoinunua wanaishi kwenye A au P, na hao ndio wanaovaa mkufu. Kama unapiga kwa M, yaani unachagua kila kitu mwenyewe, au uko tayari kujifunza, mwambie mwenzako akacheke kwao.

Tahadhari nyingine nimeiona kwa macho. Siku hiyohiyo ya Idi mpwa wangu aliwapanga wajukuu uani akawapiga picha ishirini na ushee, zote zikatoka nyeupe kama unga wa muhogo. Gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga lilikuwa limejizungusha mkobani hadi +2. Angechungulia kwenye kitundu cha kuwekea jicho angeliona, maana Zf inakuonyesha picha jinsi itakavyotoka. Lakini alikuwa anatumia skrini ya nyuma, juani, saa saba mchana. Ule uzuri wa kusoma kamera kwa jicho una sharti lake: usome kweli.

Tuje kwenye lenzi za baba mdogo, kwa sababu hapo ndipo barua yako ilipo na wewe umepapita haraka. Kijana, umekalia mali. Hiyo 105 f/2.5 ni katika lenzi bora za sura ya mtu ambazo Nikon wamepata kutengeneza. Ile picha ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyoipiga Steve McCurry kambini Pakistani mwaka 1984, ilipigwa kwa FM2 na lenzi ya 105 f/2.5. Na habari ambayo hata duka litakalokuuzia Zf huenda lisikwambie: hiyo D750 uliyo nayo inazikubali lenzi hizi leo hii, bila adapta wala senti.

Ila kwanza zikague. Tazama pete ya tundu, ile yenye 2.5, 4, 5.6 na kuendelea. Lenzi za kuanzia mwaka 1977, zinazoitwa AI, zina safu mbili za namba: kubwa, kisha ndogo karibu na chuma cha kufungia. Ukiona safu moja tu, simama hapohapo. Hiyo ni ya kabla, na ukiilazimisha kwenye D750 inaweza kuvunja kile kijiti kidogo kilicho pembeni ya mdomo wa kamera. Kisha ingia chumba chenye giza, fungua tundu lote, mulika tochi kwa nyuma na uchungulie kwa mbele ukiinamisha lenzi huku na huku. Vumbi mbili tatu zisikutie presha. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi ya nyasi: huyo ni fangasi. Kwetu pwani anazikula lenzi kama mchwa anavyokula mlango. Akiwa mchanga fundi anamwondoa. Akishaikwaruza ile rangi ya juu ya kioo, alama yake haitoki. Na tafadhali, lenzi zitoe kwenye vile vifuko vya ngozi, hata kama ndivyo alivyoziacha marehemu. Ngozi inatunza unyevu. Weka kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Zikiwa safi, kwenye menyu ya mipangilio ya D750 kuna mahali pa kuandikisha lenzi zisizo na umeme. Andika 105, andika 2.5, weka kamera kwenye A au M, tundu chagua kwa pete. Unapofokasi, kidoti cha chini kushoto kwenye kitundu kitakwambia umefika. Mwezi mzima, piga hivyo. Mama, majirani, fundi baiskeli wa mtaani.

Utakachogundua ni kwamba kwa f/2.5, tundu likiwa wazi kabisa, utakosa kufokasi macho mara nyingi. Si kosa lako. FM2 ilikuwa na duara katikati lililogawa picha vipande viwili. Ukizungusha lenzi mpaka vipande vikaungana, umepata. D750 haina, imetengenezwa kwa ajili ya kufokasi kwa mota. Hapo ndipo Zf inapojilipia. Kwa kuwa haina kioo ndani, lenzi inakaa karibu zaidi na sensa, kile kipande kinachopokea picha: umbali wa milimita 46.5 wa kamera za zamani umekuwa 16. Adapta ya FTZ II, ya kuvalisha lenzi za zamani kwenye Zf, ni bomba tu la kujazia zile 30.5 zilizopungua, ndiyo maana lenzi ya baba mdogo inavaa kama imezaliwa nayo. Halafu ndani ya kitundu unakuza jicho la mtu mpaka uhesabu kope, unafokasi, unabonyeza. Fokasi tundu likiwa wazi, funga baadaye. Ukiandikisha lenzi kwenye menyu kama nilivyosema, kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya kamera kinafanya kazi hata kwa lenzi iliyotengenezwa kabla hujazaliwa. Tulikuwa tunaegemea nguzo na kushika pumzi, sisi!

Ila lenzi zako za AF-S, zile zenye mota ndani yake, kama unazo, zitafokasi zenyewe kwenye adapta hiyo. Zile za AF na AF-D hazitafokasi, maana adapta haina mota. Betri za D750 zinaingia, usizigawe.

Kwa harusi nina mashaka kidogo. Zf ina gramu 710 na nundu yake ya kushikia mbele ni ndogo mno. Ifunge lenzi nzito ya 24-70 usimame nayo kuanzia saa nane mpaka keki ikatwe, kesho vidole vitakusimulia. Kadi ya pili ni ile ndogo ya simu, na kadi zote mbili zimefichwa chini pamoja na betri, kwa hiyo kila ukibadilisha unaitoa kwanza kwenye stendi. Nimeshaona kadi ndogo kama ile ikidondoka kwenye zulia la ukumbi, tukaitafuta tumepiga magoti, wazee wanadhani tunaswali.

Kwa hiyo usiuze D750. Maliza kwanza huo mwezi mmoja. Ukiona picha za 105 zimekutoa usingizini, nunua Zf bila lenzi, pamoja na adapta. Ilipotoka ilikuwa karibu dola 2,000 za Marekani bila lenzi, kwa hiyo ukipata yenye afya ya mkono wa pili, sawa. Ile lenzi ya 40mm wanayoiuza nayo imevalishwa pete za kizamani, lakini pete ya tundu yenye namba haina. Wewe unazo za kweli. Na mchezo usipotosha, ngoja zamu ijayo. Usije ukajaziliza kwa kausha damu, nikakusoma tena hapa unauza kamera.

SWALI: Assalaam aleikum Bi Picha. Mimi ni mwanafunzi, ninapenda kupiga picha Mji wa Kale na za shoga zangu wakiwa na buibui zao. Pesa zangu zinafika Nikon Z fc au Fujifilm X-T30 II. Zote nazipenda sura. Nichukue ipi? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Swali lako linaniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa Nikon tangu utotoni, na jibu ni Fujifilm.

Zote zilitoka mwaka 2021, zote sensa zao ni ndogo kuliko ya Zf, na zote hazina kituliza mtikisiko ndani. Z fc ni nzuri sana, na ina gurudumu la ISO ambalo mwenzake hana. Tofauti iko kwenye akili ya vigurudumu. Hiyo X-T30 II haina kile kiswichi cha P, S, A na M. Gurudumu la shata lina herufi A mwisho wake, na pete ya lenzi ina A yake. Unachokiacha kwenye A kamera inakichagua, unachokiondoa unakichagua wewe. Basi. Unajifunza upigaji picha kwa kugusa tu, kimoja kimoja. Hao ndio waliouwasha moto huu wa sura za kizamani, kwa ile X100 yao ya mwaka 2011, na inaonekana walifikiria kabla ya kuchora.

Lakini angalia lenzi unayouziwa. Za jina XC hazina pete ya tundu, na bila pete umenunua nusu ya kamera. Tafuta XF 35mm f/2, hata ya mtumba. Kwa rangi, kamera ina mapishi ya filamu zao za zamani. Kwa shoga zako jaribu Acros, ya nyeusi na nyeupe, kwenye kivuli cha vile vichochoro. Usiwapige juani. Buibui jeusi juani linameza mwanga wote, na uso unaungua.

SWALI: Shikamoo Bi. Niko Maskati. Kwenye sanduku la marehemu baba tumekuta Nikon FM2. Betri imevuja, kamera haiwashi chochote. Watoto wanasema niiweke kabatini kama pambo, ninunue hiyo Zf. (Msomaji, Maskati)

JIBU: Marahaba, na Mungu amrehemu mzee.

Kamera hiyo haihitaji kuwashwa. Shata yake ni ya springi na meno, mpaka kasi ya 1/4000, na betri ni ya kipimo cha mwanga peke yake. Vuta mkono, bonyeza. Ikilia kwa kasi zote, iko hai. Fungua kifuniko cha chini kwa sarafu, toa betri, paka siki kidogo kwa pamba ya masikio pale penye ukoga wa kijani, kausha vizuri, tia mbili mpya za LR44. Ukichungulia na kubonyeza nusu utaona taa nyekundu: jumlisha, duara au kutoa. Duara ikiwaka peke yake, mwanga umekaa sawa. Zisipowaka, huko kwenu jua halikosekani: filamu ya ISO 100, kasi 125, tundu 16, mchana kweupe, na picha itatoka.

Jambo moja tu unapoweka filamu. Mwaka 1986 nilipiga harusi nzima Chumbageni, filamu ya picha 36. Nikafika 36, nikavuta, ikakubali. 37. 38. Pale 39 mikono ikaniingia baridi: filamu haikuwa imeshika tangu mwanzo, nilikuwa navuta hewa. Bibi harusi alirudishiwa shela kichwani kesho yake, akapangwa upya na bwana wake, na mama yake hakunisalimu mpaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukishafunga mgongo wa kamera, zungusha kile kishikio cha kushoto taratibu mpaka filamu ikaze, kisha kila unapovuta mkono wa kulia kiangalie. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, usimwambie mtu atabasamu.