Draiva yangu inaiua keneli (kiini cha Linux), je RAM ndo mbovu?

SWALI: Mambo vipi, naandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Linux ya kadi flani ya sensa, yaani kihisio, sasa kila nikiitoa kwa amri ya rmmod, baada ya muda kidogo keneli inakufa, na sio palepale, leo inalia kwenye netiweki kesho kwenye mafaili. Ninunue RAM mpya?

JIBU: Poa ndugu. Hela ya RAM iweke kwanza, kama inakufa ukitoa draiva tu basi shida ni draiva. Pale keneli inapoangukia mara nyingi ni mhanga tu, mkosaji kashapita zamani, yaani kuna kipande cha memori umekiachia kwa kfree (ya kurudisha memori) na keneli imeshakigawa kwingine ila draiva yako bado inakiandikia, kama mpangaji aliyehama na funguo. Washa mashine na slub_debug=FZPU, chaguo la keneli la kukagua memori, hapo memori iliyoachiwa inajazwa 0x6b, so ukiona 6b6b6b6b kwenye ripoti ya keneli ikifa ndo shida hiyo hiyo. Bora zaidi ujenge keneli na CONFIG_KASAN, kikaguzi cha makosa ya memori, ipo tangu Linux 4.0 ya 2015, inakula kama moja ya nane ya memori na mashine inakuwa nzito kweli, ila inakuonyesha nani aliomba kipande, nani alikiachia na nani kakigusa baadaye. Mi nahisi kuna taima au kazi ya workqueue (foleni ya kazi za kufanywa baadaye) haijasimamishwa. Kama ni workqueue, cancel_work_sync, ya kusimamisha hiyo kazi, iite kabla ya kfree, sio baada! Na usijaribie kwenye mashine yenye data zako aisee, mafaili yanaweza kuharibika.