Nilitaka kumtetea Mugabi

Swali lenu la wiki linauliza: Ayub Kalule na John Mugabi wangepigana, kila mmoja akiwa katika ubora wake, nani angeshinda? Nimeamua kuandika kwa ajili ya Mugabi, kwa sababu kila mabondia hawa wawili wa Uganda wakitajwa, yeye hukumbukwa kama mtu aliyepigwa na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzani wa kati, basi. Hilo linaniuma.

Pambano lile la Las Vegas, Machi 10, 1986, nililitazama nyumbani kwa mjomba mpaka kanda ya video ikaanza kukwaruza. Mugabi alipanda ulingoni akiwa ameshinda zaidi ya mapambano 20, yote kwa nokauti. Raundi ya sita ndiyo mjomba alikuwa akiirudisha. Hagler anamimina makonde, kichwa cha Mugabi kinayumba huku na huku, miguu imelegea, unasema sasa anakwenda chini. Haendi. Kengele inalia, anarudi kwenye kona kwa miguu yake mwenyewe. Hapo mjomba husimamisha kanda, Mugabi kaganda kwenye kioo akinyanyuka kwa raundi ya saba. "Mwone huyo, mjomba," ananiambia, kila mara kama mara ya kwanza. Halafu anaachia kanda, na Mugabi anatoka kurusha ngumi upya! Ni raundi ya 11 tu ndipo alipoketi chini kwenye kamba, mwamuzi Mills Lane akamhesabu mpaka kumi. Hagler mwenyewe alimaliza akiwa na uso uliovimba. Na kumbukeni, Mugabi alikuwa amepanda uzani kumfuata.

Kalule ni habari nyingine. Mashoto, yaani anayepigana kwa kutanguliza mkono wa kulia, mtulivu, bingwa wa dunia wa ridhaa Havana 1974, kisha akaenda Japani mwaka 1979 kumvua Masashi Kudo ubingwa wa WBA, chama cha ngumi cha dunia. Dhidi ya mashoto, konde la kulia lililonyooka ndilo sumu, na Mugabi alikuwa nalo. Hapo nilikuwa tayari kufunga hoja.

Lakini tazameni Kalule alivyopoteza. Sugar Ray Leonard alimsimamisha raundi ya 9, mwaka 1981. Davey Moore, ya 10. Mike McCallum alihitaji saba. Hao wote ni mabingwa, na hakuna aliyemmaliza mapema. Mugabi alizoea kumaliza kazi mapema. Kwa Hagler tuliona kwamba kadiri raundi zilivyosonga, konde lake lilipungua uzito ingawa moyo haukupungua. Kalule angemchosha kwa jebu, zile ngumi za haraka za mkono wa mbele, na ngumi za mbavuni.

Kwa hiyo nasema Kalule, kwa pointi, na najua mjomba angenikatalia. Nasema hivyo kwa raundi 15 za zama za Kalule. Zikiwa 12, kama zile za Hagler, siapi. Na hata kwa 15, lazima kwanza avuke raundi ya nne akiwa amesimama.